Mafuta ya Mahindi au Ethanoli? Uhakiki wa Istilahi za Kiwanda cha Kukeneka

Istilahi, kama jembe, haisifiwi kwa kung'aa. Husifiwa kwa kulima. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno ambayo magazeti, wafasiri na waandishi wa vijitabu vya miradi huyatumia wanapoeleza jinsi mahindi yanavyogeuzwa kuwa nishati ya kuendeshea magari. Hatukusudii kumkejeli mfasiri yeyote. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba baadhi ya maneno hayo, ijapokuwa yamekwisha kuzoeleka masikioni, yanamficha msomaji jambo analopaswa kulijua, na kwamba pengine yanaweza kumdhuru.

Kipimo tutakachokitumia ni mkulima wa Suguti, katika Musoma Vijijini, mkoani Mara. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, nyumbani huzungumza Kijita au Kikwaya, lugha ambazo pamoja na Kikara wanaisimu huzikusanya katika kundi moja liitwalo kundi la Suguti. Kiswahili alikipata shuleni, sokoni na katika shughuli za taifa. Watumiaji wengi wa Kiswahili wako katika hali hiyo hiyo, na neno lisiloeleweka Suguti haliwezi kudai kuwa limeeleweka nchini. Pili, mkulima huyo si mgeni wa nafaka. Mtama, ulezi na mahindi anavijua tangu mbegu hadi chungu cha pombe. Kwa hiyo akielezwa habari za kiwanda asielewe, kosa si la akili yake bali ni la maneno aliyopewa.

Wala mtu asiseme kwamba jambo hili liko mbali nasi. Ng'ambo ya ziwa, huko Muhoroni karibu na Kisumu, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilianza kuzalisha ethanoli kutokana na molasi ya miwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1980 nchi ya Kenya iliichanganya ethanoli hiyo na petroli ya magari. Hapa kwetu, mtambo wa kukeneka ethanoli kutokana na molasi ulizinduliwa Kilombero mwaka 2013. Tofauti ya viwanda hivi na vile vya Marekani, ambako zaidi ya theluthi moja ya mahindi yote huenda katika viwanda vya ethanoli, ni hatua za mwanzo tu. Molasi tayari ni sukari. Mahindi ni wanga, na wanga sharti ugeuzwe sukari kwanza. Hatua zinazofuata ni zile zile. Basi maneno tunayoyajadili yanahitajika nyumbani, si kwa kusomea habari za ugenini pekee.

Neno "mafuta"

Tuanze na jina la bidhaa yenyewe. Mara nyingi tunasoma kwamba kiwanda fulani "kinazalisha mafuta ya mahindi". Katika Kiswahili neno mafuta lina kazi nyingi mno. Samli ni mafuta, alizeti hutoa mafuta, taa huwaka kwa mafuta, na gari likisimama njiani tunasema limeishiwa mafuta. Wingi huo wa maana hauna madhara katika mazungumzo, kwa kuwa mazingira huondoa utata. Lakini mtu wa Suguti akisoma "mafuta ya mahindi" ataelewa jambo moja tu, nalo ni mafuta ya kupikia yanayotokana na kiini cha mahindi. Na ana haki.

Ubaya zaidi ni huu: kiwanda cha ethanoli hutoa vyote viwili. Baada ya ethanoli kuondolewa, mabaki ya majimaji huzungushwa kwa kasi katika mashine, na mafuta halisi ya mahindi hujitenga yakachukuliwa na kuuzwa kando. Basi mwandishi aliyekwisha kuiita ethanoli "mafuta ya mahindi" atayaitaje mafuta ya mahindi yatakapotoka katika bomba jingine la kiwanda hicho hicho? Istilahi inayoshindwa kutenganisha bidhaa mbili za mlango mmoja haistahili kuitwa istilahi.

Tena, ethanoli si mafuta kwa maumbile yake. Mafuta hayachanganyiki na maji; ethanoli huchanganyika nayo kwa kiasi chochote. Na lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati iliyomo katika lita moja ya petroli. Dereva aliyeambiwa kwamba amepewa "mafuta" atategemea mwendo ule ule kwa lita zile zile, kisha atamshuku mwuzaji kuwa mwizi.

Ni maoni yetu kwamba hapa kukopa ni bora kuliko kujitahidi. Jina ethanoli ni geni, lakini lina ndugu zake: methanoli, propanoli na butanoli. Mwanafunzi anayelijua moja huutambua ukoo mzima kwa mwisho wa jina. Basi bidhaa hiyo na iitwe ethanoli ya mahindi, na mchanganyiko wake uitwe petroli yenye ethanoli.

Na hapo hapo tuseme neno juu ya "nishati mimea", lililoenea sana nchini katika miaka ya 2006 hadi 2010, wakati mashamba ya mibono na ya miwa yalipokuwa yakitafutiwa ardhi. Jina hilo limeunganisha mambo mawili yasiyolingana: mafuta yanayokamuliwa kutoka katika mbegu za mbono zisizoliwa, na ethanoli inayotokana na miwa au nafaka inayoliwa. Mwanakijiji anayeombwa ardhi yake ana haki ya kuuliza kama kinachokwenda kuchomwa ni chakula au si chakula. Neno nishati mimea halimjibu. Linafaa kuwa jina la jumla katika vitabu vya sera. Halifai kuwa jina la kitu katika mkataba au katika mkutano wa kijiji. Huko kila kitu kitajwe kwa asili yake.

Uji, kimea na kimeng'enya

Hatua ya kwanza kiwandani ni kusaga. Mahindi husagwa kwa vinu vya nyundo yakawa unga, unga ukatiwa maji, kisha mchanganyiko ukapashwa moto. Tumewahi kuona mchanganyiko huo ukiitwa "tope la nafaka" na hata "lahamu ya mahindi". Hatuoni sababu ya maneno hayo. Unga wa mahindi uliotiwa maji na kupikwa una jina lake, nalo ni uji. Neno halipungukiwi na utaalamu kwa kuwa linajulikana jikoni.

Uji huo huwa mzito, kwa sababu punje za wanga hunywa maji zikavimba. Hapo hutiwa kimeng'enya cha kwanza, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga iwe mifupi, na uji ukawa mwepesi wa kutiririka katika mabomba. Halafu hutiwa kimeng'enya cha pili, ambacho huimalizia minyororo hiyo mifupi hata ikawa glukosi, yaani sukari ambayo chachu inaweza kuila.

Neno kimeng'enya tunalisifu. Limetokana na kitenzi kumeng'enya, kuvunja vunja kitu kidogo kidogo, na linaeleza kwa usahihi kazi inayofanywa. Lakini waandishi wengi hulitaja kana kwamba ni dawa ya ajabu iliyoletwa na meli. Mama wa Suguti anayeotesha ulezi, akaukausha na kuusaga, amekwisha kutengeneza vimeng'enya vya aina hiyo hiyo. Navyo vimo ndani ya kimea. Akinyunyiza unga wa kimea kidogo katika uji mzito, uji hulainika mbele ya macho yake bila kuongezwa maji. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliichunguza sifa hiyo ya kimea na kuhimiza itumike katika uji wa watoto, ili mtoto apate unga mwingi katika uji unaomezeka. Kwa maneno mengine, hatua ya kulainisha uji kiwandani ni ile ile ya uji wa mtoto, ila kiwanda hutumia vimeng'enya vilivyotengenezwa kando badala ya kuotesha nafaka.

Mfasiri anayeandika sentensi moja tu, "kimeng'enya kinafanya kazi ya kimea", huwa amefundisha zaidi ya yule aliyejaza ukurasa mzima kwa maneno mapya.

Kuchacha na kuchachusha

Uji uliokwisha kuwa na sukari hupozwa hadi nyuzi 32 hivi za Selsiasi, ukatiwa chachu, ukaachwa katika matangi makubwa kwa muda wa saa 40 hadi 60. Chachu huila sukari ikatoa ethanoli na gesi ya kaboni dioksidi. Mwisho wake ni pombe ya mahindi yenye ethanoli kiasi cha sehemu 12 hadi 15 katika kila 100.

Katika hatua hii tunakutana na kasoro iliyo ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa matokeo. Waandishi huchanganya kuchacha na kuchachusha. Chakula kikilala kikaharibika, tunasema kimechacha. Kuchacha huko husababishwa na bakteria watengenezao asidi. Sasa, bakteria hao ndio adui mkubwa wa kiwanda cha ethanoli: wakiingia tangini huila sukari iliyokusudiwa chachu, wakageuza mali kuwa siki na uchungu. Basi fundi wa zamu akiandika katika daftari, "tangi la tatu limechacha", mwenzake atakayepokea zamu aelewe nini? Kwamba kazi imekwenda vema, au kwamba mali yote imeharibika?

Lugha yetu imekwisha kutupa njia. Kauli ya kutendesha hubeba kusudi la mtendaji: maji huchemka, lakini mpishi huyachemsha. Vivyo hivyo, uji huchacha wenyewe kwa kuharibika, lakini fundi huuchachusha kwa kuutia chachu. Tunapendekeza kuchacha kubaki kwa maana ya kuharibika kwa asidi, na kuchachusha, pamoja na jina lake uchachushaji, kutumika kwa kazi ya makusudi inayofanywa kwa chachu. Hatukuunda neno jipya hapa. Tumeomba tu kwamba kila neno lisimame mahali pake.

Kupika, kuchuja na kukeneka

Baada ya pombe kuwa tayari, ethanoli hutengwa na maji. Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78 hivi, maji kwa nyuzi 100. Pombe ikipashwa moto ndani ya mnara mrefu, mvuke unaopanda huwa na ethanoli nyingi zaidi kila unapopanda ngazi, nao ukipozwa juu huwa kiowevu.

Kazi hii wananchi huiita kupika, kama wasemavyo kupika gongo. Wafasiri nao wengine huiita kuchuja. Neno la kwanza halitoshi kiwandani, kwa sababu kiwanda kimekwisha kupika uji kabla ya hapo, na kupika kuwili katika jengo moja ni chanzo cha makosa. Neno la pili si sahihi kabisa: kuchuja ni kupitisha kitu katika chujio ili makapi yabaki, na katika mnara huo hakuna chujio wala makapi. Kiswahili kina kitenzi chake, kukeneka, na jina lake ni ukenekaji. Ajabu ni kwamba neno hilo limo kamusini, shuleni hufundishwa, lakini magazetini halionekani. Sheria ya mwaka 1966 iliyopiga marufuku kukeneka pombe kali bila ruhusa iliiita pombe hiyo kwa jina la wananchi wenyewe, "moshi", neno linalokumbusha mvuke unaopanda. Ikiwa mtunga sheria aliyeandika kwa Kiingereza hakuona haya kuazima neno la kijijini, kwa nini mwandishi wa Kiswahili aone haya kutumia kukeneka?

Ukenekaji hata hivyo una mpaka wake. Ethanoli ikifika kiasi cha sehemu 95.6 kwa uzito katika kila 100, mvuke na kiowevu huwa na mchanganyiko ule ule, na kuchemsha zaidi hakutengi kitu. Petroli haitaki maji hayo yaliyosalia. Hivyo mvuke hupitishwa katika vyombo vilivyojazwa chembe za madini yenye vitundu vidogo mno. Molekuli za maji, kwa kuwa ni ndogo, huingia katika vitundu hivyo zikanaswa. Molekuli za ethanoli, kwa kuwa ni kubwa zaidi, hazipati mlango, zikaendelea na safari.

Chombo hicho kimefasiriwa neno kwa neno kuwa "ungo wa molekuli" au "chekecheke la molekuli". Hapo tafsiri imegeuza ukweli juu chini. Katika chekecheke, kilicho kidogo hupita na kilicho kikubwa hubaki. Katika chombo hiki kilicho kidogo ndicho kinachobaki, na kilicho kikubwa ndicho kinachopita. Mkulima wa Suguti anayechekecha unga wake, akiambiwa kwamba hilo ni chekecheke, atakisia kinyume cha mambo yalivyo. Tunapendekeza kinasamaji, kwa mfano wa kinasasauti. Neno hilo halidai kuwa chombo kinafanana na nini. Linasema kinafanya nini.

Maneno yanayofika kinywani

Tumefika sasa kwenye sehemu nzito ya uhakiki huu. Makosa tuliyoyataja hadi hapa humpotosha msomaji au humletea fundi hasara. Yatakayofuata yanaweza kuua.

La kwanza ni istilahi "pombe ya viwandani". Pombe, kwa Mswahili yeyote, ni kitu cha kunywa. Kukiongezea maneno "ya viwandani" si kukataza. Kwa masikio ya wengi ni kusifu, kwani bia ya chupa nayo ni ya kiwandani. Ethanoli ya nishati hutiwa petroli kidogo kabla ya kutoka kiwandani, kwa makusudi kabisa, ili isinyweke. Spiriti ya kuwashia majiko huenda ikatiwa methanoli, ambayo mwilini hupofusha macho na kuua. Huko Nairobi, mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Na mwezi Mei 2014 msiba wa namna hiyo ulirudi katika sehemu kadhaa za Kenya. Hatusemi kwamba misiba hiyo ililetwa na istilahi. Ililetwa na tamaa ya wauzaji. Lakini neno lililo juu ya pipa ndilo mlinzi wa mwisho wa mtu anayejua kusoma. Mlinzi huyo asiitwe pombe.

Vivyo hivyo tunapinga kuitafsiri alkoholi kwa neno kileo katika maandishi ya kemia. Kileo ni kitu kinacholevya. Methanoli ni alkoholi, lakini mtu akiiita kileo amemwalika mwenzake kaburini. Alkoholi ibaki jina la ukoo wa kikemia; kileo kibaki jina la kinywaji. Na ethanoli iliyoharibiwa kwa makusudi iitwe bila haya ethanoli iliyotiwa sumu. Jina ni refu, lakini hakuna atakayelisoma akaomba bilauri.

La pili linahusu mifugo. Tani moja ya mahindi hutoa takriban lita 400 za ethanoli, na karibu theluthi moja ya uzito wake hubaki kama mabaki yenye protini nyingi, yanayokaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha ng'ombe na kuku. Mabaki hayo tumeyaona yakiitwa "mashudu ya mahindi". Katika mkoa wa pamba kama Mara, kila mfugaji anajua kwamba mashudu ni mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Haya hayakukamuliwa, yametoka katika pombe. Jina lake ni machicha, kama wafugaji wasemavyo machicha ya pombe.

Tofauti hiyo si ya ushindani wa maneno. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika kiwanda cha ethanoli, wanga huondoka lakini sumukuvu haiondoki. Haipandi pamoja na mvuke wa ethanoli. Hubaki katika machicha, na kwa kuwa uzito umepungua hadi theluthi, sumu katika kila kilo huongezeka karibu mara tatu. Kwa hiyo maelezo tuliyokwisha kuyasoma, kwamba "mahindi mabovu hayana hasara kiwandani", ni kweli kwa gari na ni uongo kwa ng'ombe. Mfugaji aliyeuziwa bidhaa hiyo kwa jina la mashudu hana sababu ya kuuliza ilitokana na nafaka gani. Aliyeuziwa kwa jina la machicha atauliza, kwa sababu machicha humkumbusha nafaka iliyotangulia.

Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu tunaona kanuni moja, ambayo tungependa wafasiri waizingatie. Jina la kitu kigeni laweza kukopwa, kwa kuwa kitu chenyewe kimekuja na ukoo wake: ethanoli, glukosi, molasi. Lakini jina la kazi lisikopwe kabla ya kutazama kama kazi hiyo tunaifanya wenyewe. Kuotesha, kulainisha uji, kuchachusha, kukeneka na kutenga machicha ni kazi zilizokuwapo kabla ya kiwanda. Na neno lolote linalotaja kitu kinachoweza kufika kinywani mwa mtu au cha mnyama, kwanza lionye, ndipo lieleze.

Utaratibu wa kuunda istilahi unatuagiza tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Kwa njia hiyo tulipata bunge, ikulu na kitivo. Lugha za kundi la Suguti zina msamiati wake wa nafaka na pombe, uliokaa vinywani mwa wazee. Msamiati huo unastahili kukusanywa sasa, kwa sababu anayeotesha kimea leo ana miaka mingi kuliko anayenunua hamira ya pakiti.

Mapendekezo yetu basi ni haya: ethanoli ya mahindi, si mafuta ya mahindi, uji, si tope, kuchachusha, si kuchacha, kukeneka, si kuchuja, kinasamaji, si chekecheke, ethanoli iliyotiwa sumu, si pombe ya viwandani, machicha, si mashudu. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi wa viwanda, wafugaji na walimu wa kemia, wayatumie maneno haya kazini kwao na kutuletea maoni. Litakaloshindwa kazini tutaliacha, hata kama sisi ndio tuliolileta.